Mchango Uje Kabla ya Turubai

Mtu akifariki Sofu, kata yetu hapa Kibaha, jirani haitwi mara mbili. Kabla jua halijazama, turubai limeshasimama uani, viti vya kukodi vimeshushwa kwenye guta, masufuria makubwa yamefika jikoni kwa akina mama, na kijana mwenye mwandiko mzuri amekalishwa mezani na daftari la rambirambi. Huyu elfu mbili, yule elfu tano, kikundi cha kuzikana kimeleta mchele na mafuta, mjumbe anahimiza, msikitini na kanisani msiba umetangazwa. Kesho yake mchana, familia ambayo wiki iliyopita ilikuwa ikitafuta nauli ya kumrudisha mgonjwa hospitali inalisha uwanja mzima wa watu.

Simlaumu mtu. Kuzikana ni katika mambo bora kabisa tuliyonayo watu wa Pwani, na mgeni aliyehamia Kibaha akitokea popote hujifunza hilo upesi. Ninachouliza ni kwa nini mkono mwepesi namna hii husubiri mpaka pumzi ikatike. Marehemu huyo huyo alilala miezi katika chumba cha nyuma, akiuma meno usiku ili watoto wasimsikie, na wakati huo hapakuwa na turubai wala daftari. Alikuwapo dada yake tu, au mdogo wake.

Katika familia zetu nyingi, mgonjwa wa muda mrefu huangukia mikononi mwa ndugu wa tumbo moja. Wazazi wamechoka, mume au mke anahangaikia riziki, watoto wako shule. Dada mtu ndiye anayefunga genge lake akahamia na mkeka. Siku ya msiba, ndugu huyo huyo ndiye anayepiga simu za taarifa, anayekwenda kununua sanda au kuchagua jeneza, anayewapelekea wachimba kaburi maji, anayehesabu rambirambi usiku na kuandika deni la wenye viti. Wageni humpa pole mama, humpa pole mjane, huwapakata watoto. Ndugu hupewa ufunguo wa stoo. Hata watani wakija na vituko vyao, yeye ndiye anayetafutwa awape soda. Nafasi ya kulia huipata baada ya arobaini, turubai limeshang'olewa na kila mtu amerudi kwenye shughuli zake.

Nami nilimzika dada yangu kwa namna hiyo. Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshaenea hadi kwenye mifupa ya nyonga ilipojulikana. Hospitali moja ilitwambia tumrudishe nyumbani tukamtunze. Tukamrudisha. Hakuna aliyetueleza tumtunze kwa kitu gani, na sisi hatukujua kwamba kuna la kuuliza. Tulikuwa na panadoli, kitambaa cha maji moto na dua. Baada ya mazishi ndipo nilipokuja kufahamu kwamba dawa ya maumivu yale ipo, ni ya maji, hunywewa kwa mdomo, na kwamba wapo wauguzi Tanzania hii hii ambao kazi yao ni kuwatunza watu wa hali kama yake. Nilianza kukimbia miezi michache baadaye, alfajiri, kwenye barabara za vumbi za kata yetu, kwa sababu ndani ya nyumba palikuwa hapakaliki.

Wahudumu wa afya wanaiita tiba shufaa. Ni matunzo ya mtu mwenye ugonjwa mzito, hasa pale ambapo dawa za kuponya zimefika mwisho: kumtuliza maumivu, kumzuia kichefuchefu, kumsafisha vidonda vya kulalia, kumgeuza kitandani bila kumtonesha, kusikiliza anachokiogopa, kumwitia shehe au mchungaji akitaka, na kuwafundisha ndugu zake namna ya kufanya hayo nyumbani. Shirika la Afya Duniani linashauri huduma hii ianze mara ugonjwa unapogundulika, iende bega kwa bega na matibabu mengine, isingoje siku za mwisho. Linakadiria kuwa watu milioni 56.8 duniani wanaihitaji kila mwaka, na wanaoipata ni asilimia 14 tu.

Mtu aliyeisimamisha huduma hii kama tunavyoijua leo ni Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama muuguzi, akawa ofisa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari akiwa mtu mzima kwa sababu aliona hakuna daktari atakayemsikiliza muuguzi. Mwaka 1967 alifungua jijini London hospisi ya St Christopher's, yaani kituo cha matunzo hayo. Jambo kubwa alilolisimamia ni kwamba dawa ya maumivu itolewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, badala ya kumngoja mgonjwa mpaka apige kelele. Kwetu Afrika Mashariki, Nairobi Hospice ilianza kuhudumia wagonjwa mwaka 1990, na daktari wake wa mwanzo, Anne Merriman, miaka mitatu baadaye alikwenda Kampala kuanzisha Hospice Africa Uganda akiwa na fedha za kulipa watu watatu kwa miezi mitatu.

Alichokwenda nacho Merriman kilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza: unga wa mofini (ndiyo ile dawa ya maumivu niliyoitaja), maji safi, kihifadhi kidogo na rangi ya chakula. Rangi ya kijani ni ya dawa hafifu, waridi ni ya ile kali, ili hata bibi asiyejua kusoma asikosee chupa usiku. Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni zake, ikaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa tiba shufaa kuandika mofini wenyewe bila kumngoja daktari, ambaye vijijini hayupo. Nchi isiyo tajiri ikawa mfano unaotajwa dunia nzima.

Tanzania nayo haikulala. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyo ndani ya majengo ya hospitali ya Wajerumani ya mwishoni mwa karne ya 19 kando ya bahari, imekuwa ikichanganya mofini ya maji na kufunza wahudumu kwa miaka mingi. Hospitali ya Selian kule Arusha ina hospisi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na hospitali nyingine za Kanisa la Kilutheri zikafuata njia hiyo. Muheza, mkoani Tanga, hospisi ilianza katika Hospitali Teule mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati UKIMWI ulipokuwa ukimaliza nyumba nzima. Dar es Salaam, PASADA ya Jimbo Kuu Katoliki iliwafuata wagonjwa vitandani mwao Temeke na kwingineko. Ujuzi tunao, na watu wenye moyo wa kazi hiyo wapo.

Kinachokosekana ni kufika. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliiwekea Tanzania wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 na vifo karibu 27,000 kwa mwaka, na wengi wao, kama dada yangu, hugundulika wakati ugonjwa umeshakomaa. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilipiga hesabu ya dawa za jamii ya mofini zinazogawiwa duniani, ikapata tani 298.5 kwa mwaka. Nchi zote za kipato cha chini, kundi ambalo Tanzania ilikuwamo wakati huo, zilipata tani 0.1. Hizo ni kilo mia moja. Mzigo wa kubebwa na Toyota moja ya mizigo, kwa ajili ya mamia ya mamilioni ya watu. Na tusidhani sababu ni bei. Mofini ni dawa ya zamani isiyo na mwenye hakimiliki. Sababu ni hofu: hofu ya sheria za dawa za kulevya, hofu ya watumishi kuandika dawa ambayo hawakufunzwa vizuri, na hofu ya familia kwamba mgonjwa atageuka teja. Mgonjwa anayepewa mofini kwa kipimo, kwa ajili ya maumivu, chini ya usimamizi, ni nadra sana kuwa teja. Zaidi atafunga choo, na muuguzi anajua la kufanya.

Sasa tuipime njia. Kutoka Kibaha hadi katikati ya Dar es Salaam ni takriban kilomita 40, pungufu kidogo tu ya marathoni, ambayo ni kilomita 42 na mita 195. Mgonjwa wa Sofu anayehitaji Ocean Road hutoka kwake kwa bodaboda au bajaji hadi Barabara ya Morogoro, hupanda daladala mpaka Mbezi au Kimara, huteremka, hupanda mwendokasi hadi Kivukoni au Posta, kisha hutafuta chombo kingine hadi hospitali. Nyonga zake zina saratani. Kila tuta la barabarani analihesabu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi, iko karibu zaidi, lakini kwa mtu asiyeweza kukaa, hata Tumbi ni safari. Marathoni hiyo tunawakimbiza wagonjwa wetu, huku sisi wazima tukiwasubiri kwenye mstari wa kumalizia na daftari mkononi.

Ndiyo maana naamini mbio ni jambo la kulitazama kwa makini, na si mtindo wa wenye viatu vya bei kubwa. Tanzania imejaa mbio za hisani siku hizi. CRDB Bank Marathon, iliyoanza mwaka 2020, imechangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. NBC Dodoma Marathon imekusanya fedha za kupambana na saratani ya shingo ya kizazi kwa kushirikiana na Ocean Road, na mimi kwa historia yangu siwezi kuitaja bila shukrani. Uganda, Rotari walianza mbio za saratani mwaka 2012 wakilenga kujenga wodi katika Hospitali ya Nsambya. Kenya, mwaka 2014, mke wa rais wakati huo, Margaret Kenyatta, alikimbia nusu marathoni Nairobi mwezi Machi, na Aprili akaenda kumaliza marathoni nzima ya London baada ya saa saba barabarani, akichangisha fedha za kliniki zinazotembea kwa ajili ya akina mama na watoto. Saa saba. Mshindi alishaoga akala akalala, mama yule bado anatembea na kukimbia, na magari ya kliniki yakapatikana.

Na wapo waliokimbiza watu wengine kwa sababu ya ndugu. Susan Komen wa Peoria, jimbo la Illinois nchini Marekani, alikufa kwa saratani ya matiti mwaka 1980 akiwa na miaka 36. Mdogo wake, Nancy Brinker, alikuwa amemwahidi kwamba atafanya jambo. Mwaka 1982 alianzisha taasisi yenye jina la dada yake, na mwaka uliofuata mjini Dallas wakakimbia watu 800. Mbio hizo zilisambaa miji mingi duniani zikawa na washiriki wasiohesabika kirahisi. Nikisoma habari ile sioni kampeni wala utepe wa waridi. Namwona mdogo mtu ambaye kazi za msiba zilikwisha, akajikuta bado ana nguvu za kumhudumia dada yake na hana pa kuzipeleka.

Lakini tazama vizuri mbio nilizozitaja. Moyo wa mtoto unazibwa tundu, mtoto anacheza. Mwanamke anapimwa mapema, anapona. Wodi inajengwa, utepe unakatwa. Mdhamini anapata picha, na picha hiyo ina haki yake. Tiba shufaa haina picha ya namna hiyo. Uliyemsaidia leo, baada ya wiki sita atakuwa amekufa, na ushahidi pekee wa fedha yako ni kwamba alilala usingizi, akala uji, akaongea na wanawe, akasamehe aliyetaka kumsamehe. Mfano wa hundi hauwezi kukabidhiwa pale kitandani mbele ya kamera. Nadhani hii ndiyo sababu wagonjwa wasio na matumaini ya kupona husahaulika kwenye mbio zetu, na nadhani ndugu ndio wa kulirekebisha, kwa kuwa wao hawahitaji kuoneshwa picha. Walikuwapo.

Uingereza mambo yamekwenda hivyo. Hospisi nyingi za kule ni taasisi za hisani. Serikali hutoa takriban theluthi moja ya gharama za hospisi za watu wazima, sehemu iliyobaki hutafutwa na wananchi. Ukienda kwenye London Marathon, iliyoanza mwaka 1981, utaona maelfu ya wakimbiaji wenye jina la mama, kaka au rafiki mgongoni. Kila mmoja ana watu wake waliomwahidi fedha akimaliza. Mwaka 2024 siku hiyo moja ilizaa zaidi ya pauni milioni 70 kwa hisani za kila aina. Tofauti na zetu iko hapo. Kwetu fedha hutegemea ada ya kujisajili, na sehemu ya ada hiyo huenda kwenye tisheti, medali, maji, ulinzi na gari la wagonjwa. Nyingine hutoka kwa mdhamini mkubwa. Kule mkimbiaji mwenyewe ndiye daftari. Watu humchangia yeye, kwa jina la anayemkimbilia.

Nani atasema kwamba sisi hatuwezi kulifanya hilo, sisi ambao harusi moja ina kamati, mweka hazina, kadi za ahadi na kikao kila Jumapili? Kibaha haikosi hata watu wa mbio. Mkuza kuna shule ya Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwezi Februari 1974. Mbio za Mwenge za mwaka 2025 zilizinduliwa hapa hapa mjini, tarehe 2 Aprili. Na kila mwisho wa wiki, kabla malori hayajaijaza Barabara ya Morogoro, utawasikia vijana wa vikundi vya jogingi wakipita na filimbi na nyimbo zao, tisheti za rangi moja, mmoja mbele anaita na wengine wanaitika. Vikundi hivyo vina viongozi na mifuko ya kusaidiana. Mwanachama akifiwa, wanakwenda. Wanachotakiwa ni kwenda mapema zaidi.

Niseme kidogo juu ya kukimbia kwenyewe, kwa wale wenzangu waliofiwa ambao hawajajaribu. Usianze kwa kutafuta marathoni. Tembea, kimbia nguzo moja ya umeme hadi nyingine, tembea tena. Kwa mtu mzima aliyekaa muda mrefu, kujiandaa kwa kilomita 42 bila kuumia ni kazi ya miezi mingi, na daktari akuangalie shinikizo la damu kwanza. Kifua kikibana kwa jua la Pwani, simama. Huzuni inaweza kukupanda ukiwa katikati ya mbio na machozi yakatoka pasipo taarifa. Alfajiri hakuna anayekuuliza, na jasho linafunika mengi. Niligundua kwamba nikikimbia naweza kumkumbuka dada yangu akiwa mzima, anasonga ugali huku anagombana na redio, wakati nikikaa humkumbuka tu akiwa kitandani. Sijui kama kwa mwingine itakuwa hivyo. Kwangu imetosha kunitoa nje kila kukicha.

Ninachopendekeza kwa Sofu ni kidogo, na kwa makusudi. Mbio za kilomita 10 na 5 ndani ya kata na mitaa ya jirani, mbali na barabara kuu. Wenye kuweza kilomita 21 wapewe njia yao, na watakaotaka marathoni nzima waende Moshi kwenye ile ya Kilimanjaro au Dodoma, wakiwa na ahadi za majirani mfukoni. Mkimbiaji asiuziwe tisheti. Aje na yake, kifuani aandike jina la ndugu yake kwa kalamu ya wino mzito. Ada iwe ndogo kiasi cha muuza vitumbua kuimudu. Fedha kubwa itoke kwenye ahadi: fundi pikipiki anaahidi elfu moja kwa kila kilomita ya mwalimu wa mtaa wake, mwalimu anamaliza, fundi analipa kwenye lipa namba ya mfuko.

Na mfuko ununue nini? Mafuta ya pikipiki ili muuguzi aliyefunzwa aweze kuzunguka nyumba kwa nyumba, badala ya mgonjwa kwenda kilomita 40. Glavu, pampasi za watu wazima, dawa ya kusafishia vidonda, godoro la kukodisha bure linalozuia vidonda vya kulalia, unga wa uji. Mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na ya dada na kaka wanaouguza. Mofini yenyewe haiuzwi dukani wala haigawiwi na kamati ya mtaa. Hiyo lazima ipitie hospitali na wataalamu wenye kibali, kwa maandishi, na hapo ndipo wazee wetu, diwani na viongozi wa dini wanaweza kwenda pamoja Tumbi na Ocean Road kuuliza utaratibu ukoje na sisi tuchangie nini ili dawa ifike mpaka kitandani.

Najua pingamizi litakalokuja kwanza, kwa sababu nimeshalisikia kibarazani: kumchangia mtu aliye hai fedha za ugonjwa usiopona ni kumwombea kifo. Mzee aliyelisema ninamheshimu, na sikumjibu kwa ubishi. Nilimuuliza tu, yeye akiugua, angependa mwanawe wa kiume aje na ng'ombe baada ya mazishi, au na godoro kabla. Alifikiri kwa muda, akaniuliza godoro lenyewe linauzwa wapi.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo ni la fedha kuliwa. Watu wa Kibaha wameshachangia mambo mengi na wameona mengine yakiyeyuka. Kwa hiyo mweka hazina asiwe mmoja, akaunti iwe na sahihi za watatu, mmoja wao muuguzi, mmoja ndugu wa mtu anayeuguzwa sasa hivi. Siku ya mbio, kabla ya medali kuvishwa mtu yeyote, kisomwe kwa kipaza sauti kilichoingia mwaka uliopita, lita ngapi za mafuta zilinunuliwa, nyumba ngapi zilifikiwa, kiasi gani kimebaki. Asiyeridhika anyooshe mkono palepale.